Mti ni Wangu, Maradhi ni ya Sote

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya wakulima, wachuuzi wa mazao na mawakala wa forodha

Assalaam aleikum, na kwa wasioitikia hivyo, hamjambo nyote. Wazee wangu mliotoka Kilifi na Kwale alfajiri, mama zangu wa soko la Kongowea, vijana wa forodha, na waheshimiwa wa bunge la kaunti mliopata nafasi ya kufika: ahsanteni kwa kunialika. Mada niliyopewa ni ndefu, historia ya sheria za kudhibiti wadudu waharibifu na magonjwa ya mimea. Najua neno sheria likitajwa baada ya biriani watu husinzia. Basi nitaanza na ugomvi, kwa sababu sheria hizi karibu zote zimezaliwa na ugomvi wa majirani.

Mwaka 1914 jimbo la Virginia, kule Marekani, lilitunga sheria juu ya mierezi. Mierezi yenyewe haikuwa na kosa. Watu waliipanda mbele ya nyumba kwa kivuli na urembo. Lakini iko kuvu moja, aina ya kutu, ambayo sehemu ya maisha yake huipitisha kwenye mwerezi na sehemu nyingine kwenye mtofaa. Mwerezi hauumii sana. Mtofaa ndio unaoangamia, majani na matunda. Wenye mashamba ya matofaa walikuwa na biashara kubwa na sauti kubwa serikalini, na sheria ikatoka: mwerezi ulio karibu na shamba la matofaa utakatwa kwa amri ya mkaguzi. Bwana mmoja kwa jina Miller akakataa. Kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1928 majaji wakasema serikali ikilazimika kuchagua kati ya mali mbili, moja iangamie ili nyingine ipone, ina haki ya kuchagua ile yenye faida kubwa kwa umma. Miller alipewa dola 100 za gharama ya kukata. Thamani ya miti yenyewe hakulipwa hata senti.

Nataka tushike swali hilo, maana ndilo lililonileta hapa: mti wa nani ukatwe ili wa nani upone, na nani alipe? Wanasheria hupenda kuuliza serikali ina uwezo gani. Mimi nadhani swali la uwezo lilikwisha kujibiwa zamani. Lililobaki wazi ni la malipo, na mahali lilipojibiwa vibaya, sheria nzuri kabisa zimekufa, wakati mwingine pamoja na watu.

Sheria ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ni ya mji wa Rouen, Ufaransa, mwaka 1660. Wakulima wa ngano waliona kwamba kila palipo na kichaka fulani chenye miiba, kiitwacho baberi, ngano ya jirani hushikwa na kutu. Wakaamuru king'olewe. Makoloni ya Kiingereza kule Amerika yakafuata: Connecticut mwaka 1726, kisha Massachusetts mwaka 1755. Sheria ya Massachusetts iliwapa wenye mashamba muda hadi 1760, na ukipita, jirani aliruhusiwa kuingia shambani mwako kung'oa mwenyewe. Hebu fikirini amri hiyo itangazwe Malindi leo.

Kinachonifurahisha ni kwamba wasomi wengi wa wakati huo hawakuwaamini wakulima. Walisema kichaka hakiwezi kuambukiza ngano, hizo ni dhana za watu wa shamba. Mwanasayansi Mjerumani, Anton de Bary, alithibitisha mwaka 1865 kwamba kuvu ile huhama kweli kutoka kwenye baberi kwenda kwenye ngano. Zaidi ya miaka 200 baada ya Rouen! Wazee walioona kwa macho waliitangulia maabara kwa karne mbili. Nawaomba vijana wenye shahada mlioko hapa mlikumbuke hilo mzee wa Rabai akiwaambia kuna kitu hakiendi sawa kwenye minazi yake.

Na minazi ni kesi yetu wenyewe. Chonga mnamjua, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Hazaliwi kileleni. Hutaga mayai kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi. Basi mnazi uliokufa kwako, ukauacha umelala kwa sababu kuukata na kuuchoma ni kazi na gharama, ndio unaozaa chonga wa jirani yako. Huo ndio mwerezi wetu. Kenya ilikuwa hata na Sheria ya Kuhifadhi Minazi, ambayo ilifutwa pamoja na sheria nyingi za mazao mengine ilipotungwa Sheria ya Mazao ya mwaka 2013. Sijui ni wangapi ukumbini mliwahi kusikia jina lake ikiwa hai.

Turudi Ulaya kidogo, nisikawie huko. Karne ya 19 meli za mvuke zilifupisha safari ya bahari, na wadudu ambao zamani walikufa njiani wakaanza kufika wazima. Viazi vya Ireland vilioza kuanzia 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja. Miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, mzaliwa wa Amerika, akaingia katika mizabibu ya Ufaransa na kuila kwenye mizizi. Hapo ndipo mataifa yalipokutana: mkataba wa Bern wa mwaka 1878 ulikuwa wa kwanza wa kimataifa kuhusu afya ya mimea, na humo ndimo chipukizi la cheti tunachobishania leo pale bandarini Kilindini lilimoota, yaani karatasi inayosafiri na mmea kueleza umetoka wapi na ukoje. Kuna kichekesho ndani ya kisa hicho. Dawa iliyokuja kuokoa mizabibu ilikuwa kuipandikiza juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humvumilia filoksera, na kwa muda sehemu kadhaa za Ufaransa zilikataza mashina hayohayo yasiingie. Sheria ilifunga mlango, na dawa ikabaki nje na ugonjwa.

Uingereza nayo mwaka 1877 ilitunga Sheria ya Wadudu Waharibifu kwa hofu ya mdudu mmoja tu, mbawakawa wa Colorado anayekula viazi. Alipoonekana Tilbury mwaka 1901 walimmaliza. Ninachotaka mkione katika sheria hiyo fupi ni kwamba ilitaja fidia. Mkulima ambaye viazi vyake vitaangamizwa kwa amri ya serikali aliwekewa njia ya kulipwa sehemu ya thamani yake. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walijua kwamba mkulima anayeogopa kupoteza kila kitu atamkanyaga mdudu kimyakimya, atafukia shina, na hatasema neno kwa mtu.

Sasa tuje Afrika, nami hapa nitakaa.

Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1936 ulionekana ugonjwa wa kakao unaovimbisha matawi na machipukizi. Ni virusi, na wanaovisambaza ni wadudu wadogo weupe kama unga. Hauna tiba. Njia iliyojulikana ni kukata mti mgonjwa pamoja na ile iliyogusana nao. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni ikafanya ukataji kuwa wa lazima, ikapeleka vikosi mashambani. Jitieni katika nafasi ya mkulima yule. Mti umeugua lakini bado una matunda, na unaweza kuzaa msimu mwingine au miwili kabla ya kufa. Bei ya kakao iko juu. Watoto wanasomeshwa na mti huo. Anakuja kijana na panga na karatasi, anaukata, anaondoka. Hata aliyesoma angeuliza: hawa kweli wanaua ugonjwa, au wanataka kutuondolea kakao yetu?

Februari 1948 Accra ikalipuka kwa ghasia. Sababu zilikuwa nyingi: bei za bidhaa, wanajeshi wa zamani waliopigwa risasi wakiandamana. Lakini tume ya Watson iliyokuja kuchunguza iliutaja ukataji wa kakao miongoni mwa machungu ya watu. Ukataji ukasimamishwa kwa muda. Wakaitwa wataalamu kutoka nje, wakaangalia, wakasema hakuna njia nyingine, lazima ikatwe. Yaani sayansi ilikuwa sahihi tangu mwanzo! Na haikusaidia kitu. Fidia ikaongezwa, na Nkrumah alipoingia serikalini mwaka 1951 akaondoa ulazima, kazi ikawa ya kushawishi kwa maneno na kwa fedha. Ugonjwa wenyewe mpaka leo bado upo Afrika Magharibi.

Mwaka huohuo wa 1951, karibu nasi zaidi, Unguja. Wazee mnajua naenda wapi: Vita vya Ng'ombe. Najua ng'ombe si mmea, nisamehewe, lakini sheria ni dada wa hii. Serikali iliamuru ng'ombe wachanjwe kwa lazima. Watu wa Kiembesamaki, ambao ardhi yao ilikuwa imeshachukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, wakakataa. Wakashtakiwa, wakahukumiwa, umati ukajaribu kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Daktari wa mifugo alikuwa na hoja yake, siwezi kumkatalia. Ila ukimchukulia mtu ardhi mwaka huu, mwakani ukamjia na sindano ukamwambia ni kwa faida yake, usishangae akikuonyesha fimbo.

Sheria yetu ya Kenya, Sheria ya Kulinda Mimea, Sura ya 324, ni ya mwaka 1937. Imezaliwa katika enzi hiyohiyo na ina sauti ya enzi hiyo. Inampa mkaguzi uwezo wa kuingia shambani, na inampa anayelikalia shamba wajibu wa kuchukua hatua atakazoamriwa ili kumaliza au kuzuia mdudu au ugonjwa. Angalieni: anayelikalia, si lazima mwenye hati. Hapa pwani, ambako mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine na anayeishi juu yake ni wa tatu, neno hilo ni zito kuliko linavyoonekana Nairobi. Amri ya kukata mnazi ikija, itamwangukia nani? Maskwota wa Kilifi wanaijua hesabu hiyo vizuri kunishinda.

Ya dunia nitayapita haraka. Mwaka 1951 ulikubaliwa mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea chini ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ukaanza kazi 1952. Mwaka 1995 Shirika la Biashara Duniani likaja na makubaliano yake: nchi inaweza kukataa mzigo wako kwa sababu ya mdudu, mradi ionyeshe sababu ya kisayansi. Sisi tukaunda KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, mwaka 1996, na mwaka 2012 ikapata sheria yake kamili. Tanzania mwaka 2020 walitunga Sheria ya Afya ya Mimea na kuunda mamlaka yao.

Vijana wa forodha sehemu hii mnaijua: kibali cha kuingiza mmea huombwa kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, wala si siku meli inapotia nanga, na mzigo uje na cheti cha nchi ulikotoka. Mkaguzi akikuta mdudu, mzigo utatibiwa, utarudishwa au utateketezwa, na gharama ni ya mwenyewe. Hata paleti, zile fremu za mbao za kuwekea mizigo, zina sheria yake. Mwaka 1996 mbawakawa wa Asia anayetoboa miti alikutwa New York, akishukiwa kuingia na mbao za kufungia mizigo. Mwaka 2002 ikapitishwa kanuni ya kimataifa nambari 15: mbao za kufungia mizigo zipashwe moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, moto ufike mpaka kiini, au zifukizwe dawa, kisha zipigwe muhuri wenye suke la ngano. Mafundi wetu wanatengenezea viti paleti hizo. Mkifika nyumbani geuzeni kiti, huenda mmekuwa mkikalia muhuri wa mkataba wa kimataifa.

Lakini wadudu hawasubiri kibali. Dumuzi, yule anayesaga mahindi ghalani hadi yakabaki unga, alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Watanzania wakampa jina la Scania, kwa jina la lori. Mwaka 1983 alikuwa Taveta. Baadaye Wakenya wakamwita Osama. Mlango aliopitia haukuwa Kilindini. Alipita barabarani, juu ya magunia, na mpaka wa Taveta hauna ukuta.

Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, kwenye maembe yetu ya pwani hii. Mwaka 2007 Afrika Kusini ikafunga mlango kwa parachichi zetu kwa ajili yake. Maembe je? Mizigo ilikuwa ikikutwa na funza huko Ulaya, na mwaka 2014 Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka maembe katika Jumuiya ya Ulaya kabla ya kufungiwa. Mlango ukafunguliwa tena 2021. Miaka saba! Sera ilikuwa sahihi, nakubali. Lakini mwenye miembe ya apple au ngowe kule Magarini aliambiwa nini katika miaka hiyo saba? Alibaki na dalali, na dalali huja na bei yake.

Afadhali kisa cha mpapai. Mwaka 2016 mdudu mweupe wa mpapai alionekana Kenya kwa mara ya kwanza, hapa Mombasa na jirani zake. Mnakumbuka mipapai ilivyofunikwa kama iliyomwagiwa unga, na watu wakiing'oa wenyewe bila kuamriwa na mtu. Safari hii sheria ilitumika kwa kufungua. Kinyigu mdogo, mdogo hata kuliko mdudu anayemshambulia, aliletwa kutoka Ghana kwa kibali, na wataalamu wa KALRO, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, na wa CABI, shirika la kimataifa la kilimo, wakamkagua karantini kwanza, yaani akiwa amefungiwa peke yake, ili kuhakikisha hataleta balaa lake, ndipo akaachiliwa katika mashamba ya pwani. Kinyigu hutaga yai ndani ya mdudu, na anayetoka ni kinyigu. Kuna mzee aliniuliza: "Na huyo kinyigu akimaliza wadudu, atakula nini, atakula sisi?" Swali si la kuchekwa. Kunguru hawa wanaotunyang'anya maandazi waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka, na hakuna aliyeuliza swali la mzee huyo. Tofauti ya kunguru na kinyigu ni ile karantini, pamoja na ukweli kwamba kinyigu yule hawezi kuishi bila mdudu wake.

Ninyi waheshimiwa wa kaunti, sasa naja kwenu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mimea na ya wanyama. Bandari na mipaka ni ya serikali kuu, lakini shamba ni lenu. Wengi huona kazi hiyo ni kununua dawa na kupiga picha wakati wa kuigawa. Naomba mambo mawili tu.

La kwanza, andikeni katika sheria zenu ndogo kwamba mkulima atakayekuwa wa kwanza kuripoti mdudu mgeni au ugonjwa usiojulikana, na mazao yake yakaamriwa kuharibiwa, atalipwa, na alipwe upesi. Msiseme serikali itaangalia. Wekeni kiasi na wekeni siku. Kule Florida, serikali ya jimbo ilipokata michungwa ya watu majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa kidonda cha michungwa, iliwapa vocha ya dola 100 kwa mti wa kwanza, wenye nyumba wakaenda mahakamani, na mwaka 2006, vimbunga vilipokwisha kuusambaza ugonjwa, mpango mzima ukasimamishwa. Hata tajiri anajua bei ya mti wake. Mtaniambia watu watadanganya, wataleta mdudu wafuge ili walipwe. Wachache watajaribu. Ndiyo maana nimesema wa kwanza, na ndiyo maana kuna wakaguzi. Nalinganisha hasara ya hao wachache na miaka saba ya maembe, na sioni ugumu wa kuchagua.

La pili ni dogo na halina gharama kubwa. Magogo ya minazi. Badala ya kumtoza faini bibi kizee wa Chonyi ambaye hana nguvu ya kunyanyua shoka, pelekeni vijana na msumeno wa mashine kijiji kwa kijiji, mara moja kwa mwaka, mbao zinazofaa ziwe za mwenye mnazi na zilizooza zichomwe. Wenye ujuzi wa kukata minazi wapo na wengine hawana kazi. Wamo humu ukumbini, naona mmoja ameshaanza kupiga hesabu kwenye kiganja.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha. Maswali yaanze na wale mama wa Kongowea waliokaa nyuma, kisha mawakala wa forodha, na mheshimiwa nitakuomba unijibu lile la fidia kabla hujaondoka.